Barua ya Wazi Kuhusu Barabara za Mazoezi za Iten

Kwa Mheshimiwa Gavana na Waheshimiwa Wajumbe wa Bunge la Kaunti ya Elgeyo-Marakwet, Wizara inayosimamia michezo, na mamlaka zote zinazojenga barabara katika kaunti yetu.

KUH: KUTAMBULIWA NA KULINDWA KWA BARABARA ZA VUMBI ZINAZOTUMIWA NA WANARIADHA

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mkazi wa Iten, mkimbiaji wa zamani ambaye hakushinda mbio zozote mnazoweza kuzikumbuka, na kwa sasa msaidizi wa kocha katika kambi ndogo ya vijana. Kwa miaka mingi riziki yangu ilikuwa kuwavutia wenzangu kasi mazoezini, yaani kukimbia mbele yao ili wafuate mwendo wangu, kazi ambayo humfanya mtu azijue barabara za mji huu kwa nyayo kuliko kwa macho: najua ni wapi udongo hushika maji siku mbili baada ya mvua, na ni kona gani changarawe huteleza wakati wa kiangazi. Ombi langu ni moja, ingawa lina matawi. Naomba barabara za vumbi na vijia vya msituni ambamo wanariadha hufanyia mazoezi vitambuliwe rasmi kuwa miundombinu ya michezo, na kila mojawapo inapowekwa lami, iachiwe ukanda wa udongo wa kukimbilia kando yake.

Kilichonisukuma kuandika ni tukio la Alhamisi moja. Kila Alhamisi, mwendo wa saa tatu asubuhi, wakimbiaji wa Iten hukusanyika kwenye njia panda nje ya mji kwa zoezi la fatleki, yaani mbio za kubadilisha kasi: dakika moja ya kukimbia kwa nguvu na dakika moja ya kulegeza, mara ishirini na tano, au dakika mbili kwa moja, kadiri wakubwa wa kundi watakavyokubaliana pale pale. Hakuna anayealikwa wala anayefukuzwa; bingwa wa marathoni husimama bega kwa bega na kijana aliyeshuka kwenye matatu jana akiwa na viatu vya kuazima. Dakika inapokwisha, saa za mkononi zaidi ya mia moja hulia kwa pamoja na kundi lote hubadili mwendo kama mtu mmoja. Alhamisi ninayoizungumzia ilikuwa ya kiangazi, vumbi limetanda kiasi kwamba waliokuwa nyuma hawakuwaona waliokuwa mbele. Lori la mawe likatokea kwenye kona kwa mwendo ule ule ambao lingekuwa nao kama barabara ingekuwa tupu. Wengi walirukia mtaroni. Kijana wetu mmoja, mwenye umri wa miaka 19, aligongwa begani na kioo cha pembeni akaangukia kokoto, na nilipomfikia nilimkuta amekaa chini akihangaika kuisimamisha saa yake, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa la haraka. Dereva alisimamisha lori, akashuka, na kusema kweli alikuwa akitetemeka kutuzidi sisi. Aliponiona nimekasirika aliniambia, "Mzee, hii ni barabara, si uwanja."

Sikumjibu, kwa sababu kwa mujibu wa karatasi zote za serikali dereva yule alikuwa na haki. Ndiyo maana nawaandikia ninyi badala ya kuendelea kugombana naye.

Waheshimiwa, mnaijua sifa ya mji wetu, kwa kuwa imeandikwa kwenye lango la barabara ya kutoka Eldoret kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa. Hata hivyo, naomba mniruhusu nieleze sifa hiyo inafanyaje kazi, maana nimegundua kwamba hata wanaoitangaza hawaielewi vizuri. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye ukingo ambapo ardhi hukatika ghafla na kuteremka hadi Bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini yetu. Hewa ya hapa ina sehemu ile ile ya oksijeni iliyo katika hewa ya Mombasa, karibu asilimia 21, lakini kanieneo yake, yaani mgandamizo wake, ni kama robo tatu tu ya ile ya pwani, hivyo oksijeni inayoingia mwilini kwa kila pumzi huwa pungufu. Figo huuhisi upungufu huo na kutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa uongeze utengenezaji wa chembe nyekundu za damu. Homoni yenyewe hupanda katika siku chache za mwanzo, bali chembe huhitaji majuma kadhaa ili ziongezeke kwa kiasi cha kumfaa mtu, na kwa sababu hiyo mgeni anayejua alichokifuata hakai hapa chini ya majuma matatu au manne. Akirudi tambarare, faida ile hufifia taratibu, na msimu mwingine ukifika hana budi kupanda tena mlimani.

Katika maelezo hayo ya mwili imo hesabu ya fedha. Mtalii wa mbugani hulala usiku mbili, akapiga picha, akaondoka. Mwanariadha aliyekuja kuongeza damu hukaa mwezi mzima, hula kuliko watu wawili, hulipia chumba, kukandwa misuli na kufuliwa nguo, humlipa kijana wa hapa amvutie kasi, hununua maziwa na mayai kwa jirani, na mwaka unaofuata hurudi na wenzake. Sijui biashara nyingine ya utalii katika kaunti yetu ambayo mteja wake analazimishwa na damu yake mwenyewe kurudi.

Lakini hewa hii si yetu peke yetu. Michezo ya Olimpiki ya 1968 ilipopelekwa Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, mataifa ya tambarare yalishtuka na kuanza kutafuta milima. Wafaransa walijenga kituo chao Font-Romeu, katika milima ya Pirenei, kwenye mita 1,850 hivi. Wakenya wenzetu Kipchoge Keino na Naftali Temu walikwenda na mapafu waliyokulia nayo. Temu akatwaa dhahabu ya mita 10,000 na Keino ya mita 1,500. Tangu hapo mafunzo ya mwinuko yamekuwa biashara ya dunia nzima. Font-Romeu ingali inafanya kazi, na pamoja nayo kuna St. Moritz nchini Uswisi, Flagstaff nchini Marekani, Ifrane nchini Moroko, Sierra Nevada nchini Uhispania na Sululta karibu na Addis Ababa. Baadhi ya sehemu hizo zina viwanja vya tatani (mpira maalumu wa kukimbilia), mabwawa ya kuogelea na vyumba vya tiba ambavyo sisi tunaviona kwenye simu tu. Mo Farah, bingwa wa Olimpiki wa Uingereza, alifanya mazoezi Font-Romeu na Flagstaff, na bado alikuja Iten. Naamini hakuja kwa ajili ya lifti ya hoteli.

Wanaokuja hapa hufuata vitu viwili ambavyo hewa haiwezi kuvileta peke yake. Cha kwanza ni kundi la kukimbia nalo, na hilo tunalo kwa wingi wa kutisha, tangu Bruda Colm O'Connell alipofika katika Shule ya Upili ya St. Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia na akaishia kuwa kocha wa riadha, na baadaye mkimbiaji Lornah Kiplagat alipofungua kituo kilichowazoesha wageni kuishi na kufanya mazoezi katika mji wetu. Cha pili ni udongo mwekundu, na huo ndio unaopungua mwaka hadi mwaka.

Mkimbiaji wa marathoni aliye katika maandalizi hukimbia karibu kilomita 200 kwa juma. Tukikadiria kwamba kila hatua yake ni mita moja na nusu, basi miguu yake hugonga ardhi zaidi ya mara laki moja na elfu thelathini kwa juma, na kila pigo hilo hubeba mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Udongo ulioshindiliwa na magari na mvua una ulaini kidogo unaopokea sehemu ya mzigo huo, na mabonde yake madogo madogo huufanya mguu utue kwa namna tofauti kila mara, hivyo hakuna kano moja inayobeba adhabu peke yake. Lami haina huruma hiyo. Mimi mwenyewe niliacha kukimbia kwa sababu ya kano ya kisigino, baada ya misimu miwili ya kuvuta kasi kwenye lami nikimhudumia mgeni aliyekuwa akijiandaa kwa mbio za mijini, na mpaka leo asubuhi za baridi hushuka kitandani kwa kushika ukuta. Ni kweli kwamba marathoni hukimbiwa kwenye lami na kwamba miguu inapaswa kuizoea. Makocha wetu hupanga siku za lami kwa makusudi. Tofauti kati ya siku moja ya lami kwa juma na siku saba ndiyo tofauti kati ya mazoezi na majeraha.

Sasa nifikie jambo ambalo najua litanukuliwa dhidi yangu. Sipingi lami. Mama yangu ameuza maziwa maisha yake yote, na nakumbuka miezi ya mvua ambapo pikipiki ya kubeba mitungi ilikwama kwenye tope mpaka maziwa yakachacha njiani, akarudi nyumbani na mitungi iliyojaa na mfuko mtupu. Mkulima wa viazi, mama mjamzito anayekimbizwa hospitalini, mwanafunzi anayetembea kilomita tano, wote hao wana haki ya barabara nzuri kabla yangu. Mtu akiwaambia kwamba wanariadha wa Iten wanataka wakulima wabaki kwenye matope ili wao wapate pa kukimbilia, tafadhali msimwamini, kwa kuwa wakulima hao ndio wazazi wetu.

Ninachoomba ni nafasi kando ya lami. Mwezi uliopita nilikwenda na utepe wa kupimia wa fundi cherehani kwenye barabara moja iliyowekwa lami miaka ya karibuni, nikapima umbali kati ya ukingo wa lami na mtaro. Mahali pa kwanza nilipata sentimita 43, mahali pa pili sentimita 60, na mahali pa tatu lami iliishia ndani ya mtaro wenyewe. Mtu hawezi kukimbia kwenye sentimita 43, sembuse kundi. Laiti mchoro ungeacha mita mbili za udongo ulioshindiliwa upande mmoja, na mtaro ukachimbwa nje ya ukanda huo, barabara ile ingewahudumia wenye magari, wakimbiaji, wanafunzi waendao shule, na hata ng'ombe, ambao kwa sasa wanagawana lami na malori. Mimi si mhandisi, lakini nimeshuhudia barabara kadhaa zikijengwa, na naelewa kwamba kuacha ukanda huo wakati tingatinga lipo kazini ni kazi ndogo kuliko kurudi miaka mitano baadaye kubomoa mtaro wa saruji.

Kuna pia suala la saa. Wakimbiaji hutoka kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda, na wengi hurudi kabla ya saa mbili. Malori ya mawe, mchanga na mbao nayo huanza safari saa hizo hizo. Haihitajiki sheria kubwa kuamua kwamba kwenye barabara chache zinazojulikana, ikiwemo njia ya fatleki siku ya Alhamisi kuanzia saa tatu hadi saa nne u nusu, magari mazito yapite njia nyingine au yasubiri. Waendesha bodaboda nimekwisha kuzungumza nao kituoni kwao, na niseme wazi kwamba wao walinielewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Wengi wao walijaribu kukimbia wakashindwa, na bado hupunguza mwendo na kupiga honi mara mbili wanapokutana na kundi. Walichoniuliza ni kwa nini hakuna hata alama moja ya barabarani inayomwonya dereva mgeni.

Vijia vya msituni vina hatari ya aina nyingine. Msitu wa Singore una njia ambazo zimekanyagwa na vizazi vya wakimbiaji, zenye kivuli na udongo mlaini, na ndizo tunazowapeleka vijana wanaopona majeraha. Nje ya msitu, njia nyingi za aina hiyo hupita kwenye mipaka ya mashamba kwa hisani ya wenyewe. Bei ya ardhi imepanda, mashamba yanagawanywa vipande vya kujengea, na kila ua mpya wa seng'enge hukata kijia ambacho hakikuwahi kuandikwa kwenye ramani yoyote. Inachekesha kidogo, ingawa si sana, kwamba baadhi ya nyua hizo ni za nyumba za kupangisha wageni wanaokuja kukimbia kwenye njia zilizozibwa na nyua zenyewe. Sitaki mtu anyang'anywe shamba lake. Naomba mpango wa matumizi ya ardhi wa mji uzichore njia zilizosalia, na wamiliki wapatanishwe na kaunti kuhusu haki ya kupita, hata kama ni kwa fidia ndogo au nafuu ya ada.

Kuhusu uwanja wa riadha wa Kamariny, ulio karibu na mji wetu, nitasema machache, kwa sababu yamekwisha kusemwa na wakubwa kuliko mimi. Ukarabati wake ulianzishwa katika muongo uliopita kisha ukakwama kwa miaka mingi, na katika muda huo vijana wa Iten wamekuwa wakiteremka hadi Tambach kutafuta njia ya udongo ya mita 400. Kizazi kizima cha wakimbiaji wa mita 800 na 1,500 kimepita mikononi mwetu wakati huo. Wananchi wanastahili kuelezwa hadharani, kwa maandishi, hatua iliyofikiwa na tarehe ya kila hatua iliyosalia. Zamani Kamariny ilikuwa ya udongo, jukwaa lake halikuwa la kujivunia, na mabingwa walitoka pale pale. Jukwaa likichelewa, lichelewe. Wakimbiaji waruhusiwe kutumia njia ya kukimbilia ya uwanja.

Nataka pia mjue kwamba sikuanza na barua hii. Baada ya ajali ya kijana wetu nilikwenda katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nikaambiwa kwamba barabara si jambo la michezo. Nikaelekezwa ofisi ya pili, ambako niliambiwa kwamba michezo haihusiki na barabara. Wote walionipokea walikuwa wapole, na mmoja alinipa chai. Usiku ule nilimwomba binti yangu anisomee Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, sehemu ya majukumu ya kaunti, naye akanisomea barabara za kaunti, vifaa vya michezo na utalii wa mahali, yote matatu yakiwa katika orodha moja, chini ya serikali moja. Ikiwa baadhi ya barabara ninazozitaja ziko chini ya mamlaka za kitaifa, basi kaunti ndiyo yenye sauti ya kuzungumza nazo; msaidizi wa kocha hana.

Hivyo naomba mambo haya yapewe sura ya uamuzi: kwamba kabla ya mwaka huu wa fedha kwisha, kaunti ikae na makocha, wakimbiaji, wakulima na waendesha bodaboda, ichore ramani ya barabara na vijia vya mazoezi katika Iten na vitongoji vyake, na ramani hiyo ipitishwe katika Bunge la Kaunti, kwamba zabuni yoyote ya kuweka lami kwenye njia iliyo katika ramani iwe na sharti la ukanda wa udongo wa mita mbili, na kwamba alama za tahadhari na saa za malori zianze mara moja, kwa kuwa hizo hazingoji bajeti kubwa. Niko tayari kutembea na mhandisi wenu njia zote, kilomita moja baada ya nyingine, bila malipo, asubuhi yoyote atakayoichagua.

Ikiwa mtapenda kujionea kabla ya kuamua, njooni Alhamisi yoyote saa tatu kasorobo kwenye njia panda. Msije na msafara mrefu wa magari, maana hakuna pa kuyaegesha. Kijana wetu atakuwepo. Bega limepona, na siku hizi hukimbia upande wa kulia akiyakabili magari, akigeuza shingo kila anaposikia injini ikipanda mlima kutoka nyuma yake. Utepe wa fundi cherehani ninao mfukoni.

Wenu mwaminifu,

Msaidizi wa kocha na mkazi wa Iten